Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Namba 18,446,744,073,709,551,615

Namba hii ni ipi hasa, na kwa nini imetokea kwenye skrini yangu?

Ni 2⁶⁴ − 1. Zidisha mbili sitini na nne kwa pamoja, kisha toa moja.

Mimi nilikutana nayo kazini. Mwenye duka moja la jumla alinipigia simu asubuhi, akaniambia, "Fundi, njoo uone, programu inasema nina mifuko ya sukari mingi mpaka namba haitoshi kwenye kioo." Nilipofika nikakuta imeandikwa 18446744073709551615. Mifuko iliyosajiliwa stoo ilikuwa imekwisha, ikabaki sifuri, halafu kijana wa kaunta akauza mmoja zaidi ambao haukuwa umeingizwa kwenye hesabu. Programu ikatoa moja kwenye sifuri.

Jibu linalotarajiwa ni −1, lakini mahali pa kuhifadhi namba ile palitengenezwa kwa namba zisizo hasi tu. Fikiria mita ya kilomita ya pikipiki ya zamani: ukiizungusha nyuma kutoka 00000, hairudi kwenye −1, inasoma 99999. Kompyuta nayo ina mita ya nafasi 64, na kila nafasi, yaani biti, huandikwa 0 au 1 tu. Ukirudi nyuma hatua moja kutoka sifuri zote, unapata moja zote. Moja 64 zikipangwa mstari mmoja, kwa mfumo wetu wa kumi zinasomeka 18,446,744,073,709,551,615. Ukiongeza moja, mita inarudi sifuri. Kwa hiyo ukiiona namba hii kwenye ripoti, uwezekano mkubwa ni kwamba mtu ametoa zaidi ya kilichokuwepo, na programu haikuagizwa iangalie kwanza.

Inasomwaje kwa Kiswahili?

Ina tarakimu 20. Njia ninayoipenda ni kuhesabu kwa mabilioni: ni bilioni kumi na nane na ushei, kila moja ya hizo ikiwa imezidishwa tena kwa bilioni. Kwintilioni 18 ni sahihi pia, ila ni wachache watakaokuelewa sokoni.

Ndiyo namba ya hadithi ya punje za ngano na ubao wa sataranji?

Ndiyo. Ibn Khallikan, mwandishi wa karne ya 13, ameisimulia: Sissa, anayesemwa kuwa ndiye aliyeubuni mchezo huo, alimwomba mfalme wa India punje moja ya ngano kwenye mraba wa kwanza wa ubao, mbili kwenye wa pili, nne kwenye wa tatu, na kuendelea kuongeza maradufu mpaka mraba wa 64. Mfalme aliona ni ombi dogo. Tukichukua punje moja kuwa na uzito wa gramu 0.04, jumla yake inazidi tani bilioni 700, wakati dunia nzima kwa sasa huvuna tani karibu milioni 800 kwa mwaka. Deni hilo ni mavuno ya miaka mia tisa hivi.

Ubao wenyewe hatuuhitaji. Bao la Kiswahili lina kete 64, kwa hiyo unaweza kuzipanga kwenye mkeka na kuwaeleza watoto hesabu ileile: kete ya kwanza punje 1, ya pili 2, ya tatu 4. Waambie wasimame kwenye kete yoyote walinganishe. Kete ya nne ina punje 8, na zilizotangulia zote kwa pamoja ni 1 + 2 + 4 = 7. Kete ya tano ina 16, zilizotangulia ni 15. Siku zote kete mpya inazizidi zote za nyuma kwa moja tu. Ndiyo maana jumla ya kete 64 ni pungufu kwa moja ya kile ambacho kingewekwa kwenye kete ya 65, yaani 2⁶⁴ − 1.

Naweza kuikokotoa kwa mkono?

Unaweza, na huhitaji kuzidisha mara 63. Anza na 2, kisha zidisha kila jibu kwa lenyewe: 4, 16, 256, 65,536, 4,294,967,296. Hizo ni hatua tano. Ya sita, 4,294,967,296 kwa yenyewe, inataka karatasi safi na utulivu, nayo inatoa 18,446,744,073,709,551,616. Toa moja.

Kabla ya kuamini jibu lako, kagua mwisho wake. Vipeo vya mbili huishia kwa 2, 4, 8, 6 kisha vinarudia. Kwa kuwa 64 inagawanyika kwa nne, 2⁶⁴ lazima iishie na 6.

Je, ni namba tasa?

Hapana. Inaishia na 5, kwa hiyo inagawanyika kwa 5. Jumla ya tarakimu zake ni 87, kwa hiyo inagawanyika kwa 3 pia, lakini si kwa 9.

Kuna sababu ya ndani zaidi. Namba ya umbo la 2ⁿ − 1 haiwezi kuwa tasa kama n yenyewe si tasa, na 64 si tasa. Kinyume chake hakina uhakika: 2⁶¹ − 1 ni tasa, lakini 2⁶⁷ − 1 si tasa ingawa 67 ni tasa. Namba tasa kubwa kuliko zote zilizokuwa zikijulikana Oktoba 2024, yenye tarakimu zaidi ya milioni 41, ni ya familia hiyohiyo: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa moja.

Vigawo vyake tasa ni vipi?

Ni saba, na kila kimoja kinaingia mara moja tu:

3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65,537 × 6,700,417

Hapa ningeomba usichukue jibu tu ukaondoka. Wengi hudhani namba ya tarakimu 20 huvunjwa kwa kujaribu kigawo kimoja kimoja mpaka usiku wa manane. Hii inafunguka kwa kanuni ya kidato cha pili, tofauti ya miraba miwili: a² − b² = (a − b)(a + b). 2⁶⁴ ni mraba wa 2³², na 1 ni mraba wa 1, kwa hiyo:

2⁶⁴ − 1 = (2³² − 1)(2³² + 1)

Mabano ya kwanza nayo ni tofauti ya miraba miwili, kwa hiyo yanafunguka tena: (2¹⁶ − 1)(2¹⁶ + 1). Endelea hivyo mpaka chini kabisa, ubaki na:

(2 + 1)(2² + 1)(2⁴ + 1)(2⁸ + 1)(2¹⁶ + 1)(2³² + 1)

Yaani 3, 5, 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297. Hatujagawanya kitu hata kimoja, na tayari tuna vigawo sita. Vitano vya kwanza ni namba tasa. Kazi yote iliyobaki imo ndani ya cha sita.

Kwa nini 4,294,967,297 inaandikwa sana kwenye vitabu vya hisabati?

Kwa sababu ilimkosesha Pierre de Fermat. Mwanasheria huyu wa Toulouse aliziona namba hizi, 3, 5, 17, 257, 65,537, zote tasa, na mwaka 1640 akaandika kwamba anaamini zinazofuata nazo zote ni tasa. Hakuwa na uthibitisho, na alikiri hivyo. Kwa zaidi ya miaka 90 hakuna aliyetoa jibu. Mwaka 1732 Leonhard Euler, akiwa St Petersburg na umri wa miaka 25, alionyesha kwamba ya sita inagawanyika:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Euler aliipataje 641 bila kompyuta?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote kwenye ukurasa huu, kwa hiyo nivumilie.

Tuseme kuna namba tasa p inayogawanya 2³² + 1. Maana yake 2³², ikihesabiwa kwa baki za p, ni sawa na −1, yaani inapungukiwa moja tu ili igawanyike kwa p. Ukiizidisha kwa yenyewe, 2⁶⁴ inakuwa 1. Sasa anza na 1, ongeza maradufu, na kila unapovuka p, toa p. Utazunguka kama mtu anayezunguka uwanja, na utarudi kwenye 1 baada ya hatua 64 kamili, si kabla, kwa sababu kwenye hatua ya 32 ulikuwa −1.

Fermat mwenyewe, mwaka huohuo wa 1640, aliandika kanuni nyingine ambayo ni kweli tupu: ukizunguka hivyo kwa hatua p − 1, lazima uwe umerudi kwenye 1. Basi p − 1 ni mizunguko kamili ya hatua 64. Kwa maneno mengine, p lazima iwe na umbo la 64k + 1.

Kwa hiyo huna haja ya kujaribu 7, 11, 13 na nyinginezo. Panga tu orodha: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoa zisizo tasa. Zinabaki tano, na unaweza kuzigawanya mezani kwako leo jioni:

193 inaacha baki 109.
257 inaacha baki 2.
449 inaacha baki 325.
577 inaacha baki 288.
641 inaacha baki 0.

Majaribio matano tu. Baadaye, mwaka 1878, Édouard Lucas wa Ufaransa alionyesha kwamba umbo hilo linabana zaidi, ni 128k + 1, na hapo njiani kabla ya 641 inabaki 257 peke yake. Kilichonigusa nilipoijua habari hii mara ya kwanza ni kwamba kifaa kilichoangusha dhana ya Fermat kilitoka mkononi mwa Fermat.

Kuna njia ya kuthibitisha 641 bila kugawanya kabisa?

Ipo, na inaingia kwenye kiganja. Angalia 641 kwa namna mbili:

641 = 5 × 2⁷ + 1
641 = 5⁴ + 2⁴ (yaani 625 + 16)

Mstari wa kwanza unasema 5 × 2⁷, kwa baki za 641, ni −1. Ipandishe kwa kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ ni 1. Mstari wa pili unasema 5⁴ ni sawa na −2⁴. Iweke mahali pake: −2⁴ × 2²⁸, yaani −2³², ni 1. Basi 2³² + 1 ni 0, hakuna baki. Nimewahi kuiandika ubaoni kwa mwanafunzi wa kidato cha nne aliyeamini hesabu haimtaki. Aliikariri, kisha kesho yake akaja ameiandika upya kwa mpangilio wake mwenyewe, mzuri kuliko wangu.

Na 6,700,417, tunajuaje haigawanyiki tena?

Kigawo chake chochote tasa kitakuwa pia kigawo cha 2³² + 1, kwa hiyo kinabanwa na umbo lilelile la 128k + 1. Tena, kama kipo, kimoja lazima kiwe chini ya kipeuo cha pili cha namba hiyo, ambacho ni 2,588 na ushei. Namba tasa za umbo hilo chini ya hapo ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Hakuna hata moja inayoigawanya. Jaribu.

Nilitumia jaribio la Fermat kwenye programu yangu, likaniambia 4,294,967,297 ni tasa. Kosa liko wapi?

Programu yako haina kosa. Umejaribu kwa mbili. Jaribio linasema: kama N ni tasa, 2 kwa kipeo cha N − 1 ikigawanywa kwa N itabaki 1. Hapa N − 1 ni 2³², ambayo inagawanyika kwa 64, na tumeshaona kwamba 2⁶⁴ hubaki 1. Kwa hiyo namba hii inapita jaribio hilo bila shida, ingawa si tasa. Tumia 3 badala ya 2: kwa namba za familia hii kuna jaribio la kutumia 3, linalotokana na kazi ya Théophile Pépin ya mwaka 1877, ambalo halidanganyiki.

Ina vigawo vingapi kwa jumla?

128. Vigawo tasa ni saba tofauti, na kwa kila kimoja unachagua kukiweka au kukiacha, kwa hiyo 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2. Ukijumlisha vigawo vyote pasipo namba yenyewe unapata karibu asilimia 70 ya namba hiyo, kwa hiyo si namba kamilifu, yaani ile ambayo jumla hiyo hulingana nayo yenyewe.

Namba ngapi zilizo chini yake hazina kigawo cha shirika nayo zaidi ya 1?

9,208,981,628,670,443,520. Utaratibu ni kutoa moja kwa kila kigawo tasa, kisha kuzidisha: 2 × 4 × 16 × 256 × 65,536 × 640 × 6,700,416. Tazama tano za kwanza: zote ni vipeo vya mbili, na zao lao ni 2³¹ kamili. Nusu ya namba nzima inaondoka kwa vigawo hivyo vitano, na 641 pamoja na 6,700,417 haviongezi hata sehemu mbili kwa elfu.

Kikokotoo changu kinasema namba hii ni shufwa. Inawezekanaje?

Haiwezekani. Inaishia na 5, ni witiri. Kikokotoo hakijaihifadhi namba uliyoandika. Karatasi za hesabu za kompyuta hushika tarakimu 15 tu na kujaza sifuri mwishoni. Lugha kadhaa za programu zitakuonyesha 18446744073709552000. Mashine hapo huhifadhi namba kwa biti 53 za usahihi, na namba yetu inahitaji 64, kwa hiyo inasogezwa kwenye jirani aliye karibu, ambaye ni 2⁶⁴. Ukiomba vigawo, unaletewa mbili sitini na nne.

Nasisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakituma majibu ya vigawo vya namba ambayo hawakuiuliza. Kabla ya kuvunja namba kubwa, iombe programu iiandike tena, ulinganishe tarakimu moja moja na ile uliyoingiza. Kama lugha yako ina aina ya namba nzima isiyo na kikomo, itumie hiyo.

Inahusianaje na kuchora maumbo kwa bikari na rula?

Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, akiwa hajatimiza miaka 19, aligundua kwamba umbo la pembe 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa bikari na rula isiyo na alama. Jambo hilo lilikuwa limekwama tangu enzi za Wagiriki. Kanuni yake: umbo lenye pembe za idadi witiri huchoreka pale idadi hiyo inapokuwa zao la namba tasa za Fermat zisizojirudia. Pierre Wantzel alikamilisha uthibitisho mwaka 1837. Namba tasa za Fermat zinazojulikana ni tano tu, zilezile 3, 5, 17, 257 na 65,537, na zao lake ni 2³² − 1, mabano yetu ya kwanza. Kwa hiyo maumbo ya pembe witiri tunayojua yanachoreka ni 31, na kubwa kuliko yote lina pembe 4,294,967,295. Johann Gustav Hermes alitumia zaidi ya miaka kumi kuandika utaratibu wa pembe 65,537, akamaliza mwaka 1894. Maandishi yake yamehifadhiwa Göttingen.

65,537 naiona pia kwenye vyeti vya usalama vya tovuti. Ni ileile?

Ileile. Mfumo wa RSA, unaofunga mawasiliano kwa siri, huitumia mara nyingi kama kipeo cha wazi, yaani kile ambacho hakifichwi. Kwa mfumo wa mbili ina moja mbili tu, mwanzoni na mwishoni, kwa hiyo kupandisha kwa kipeo hicho kunataka kuzidisha mara 17 tu.

Na ule mnara wa diski 64?

Ni Mnara wa Hanoi, mchezo wa vijiti vitatu uliotungwa na Lucas, yule wa 128k + 1, mwaka 1883: unahamisha diski moja moja, na kubwa haikai juu ya ndogo. Kuhamisha diski 64 kutoka kijiti kimoja hadi kingine kwa masharti hayo kunahitaji hatua 2⁶⁴ − 1. Kwa hatua moja kila sekunde, ni karibu miaka bilioni 585.

Je, kuna tarehe ambayo kompyuta "zitajaa"?

Kwa mita ya biti 64, si kwa maisha ya mtu yeyote. Tatizo liko kwenye mashine za zamani zinazohesabu sekunde tangu Januari 1, 1970 kwa biti 32, moja ikitumika kwa alama ya hasi. Zitafika kikomo, 2³¹ − 1, Januari 19, 2038, saa 12:14:07 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Kikomo hicho, 2,147,483,647, ni namba tasa, na aliyelithibitisha hilo, mwaka 1772, ni Euler.

Majirani zake wakoje?

Namba tasa iliyo karibu chini yake ni 18,446,744,073,709,551,557, na ya juu ni 18,446,744,073,709,551,629. Kati yao kuna nafasi ya 72, wakati kwa namba za ukubwa huu wastani ni kama 44, kwa hiyo namba yetu imekaa mahali pakavu kidogo.

Jirani wa kuvutia zaidi ni 2⁶⁴ + 1, mwana wa saba wa ile familia ya Fermat. Naye si tasa: ni 274,177 × 67,280,421,310,721, na Thomas Clausen alizipata mwaka 1855. Kwa namba hii kanuni ya Lucas inatoa umbo la 256k + 1, na 274,177 ni 256 × 1,071 + 1. Anayetaka kuipata kwa mkono aanzie 257, aruke kwa 256, na aondoe zisizo tasa kadiri anavyokwenda.